Gari Halijui Jumatano

Sufuria ya umeme ililia jikoni, tik, saa kumi na nusu alfajiri, na wali ukaanza kupata moto. Nilikuwa macho nikiingoja sauti hiyo. Mume wangu Shigeharu aliizoea kiasi kwamba haikumwamsha, na mlio wowote uliofuata, wa droo au wa mlango, aliuchukulia kuwa ni mimi na shughuli zangu za kifungua kinywa. Ndiyo maana niliichagua saa hiyo.

Nilitoa spana namba kumi ndani ya kopo la majani ya chai, nikavaa viatu vya mpira, nikatoka nje. Pikapu yetu ilisimama chini ya paa la bati, nyeupe, ndogo, ya viti viwili, umri wake miaka ishirini na sita. Betri ya gari la namna ile haikai mbele. Inakaa ubavuni, chini ya bodi la mizigo, nyuma ya kifuniko cha plastiki kinachotoka kwa vidole viwili. Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikashika nati ya waya mweusi, nikailegeza nusu mzunguko, kisha robo. Ukitazama kwa macho, kila kitu kipo mahali pake. Nikarudisha kifuniko, nikarudi jikoni, nikanawa mikono na kuanza kukata figili za supu.

Ilikuwa Jumatano, na hiyo ilikuwa mara ya saba.

Saa mbili asubuhi Shigeharu alitoka amevaa koti lake la kwendea mjini, mkononi ana kifurushi cha chakula nilichomfungia dada yake, Hatsue. Nilisimama mlangoni kumuaga kama siku zote. Aliingia garini, akafunga mkanda, akavaa glovu nyeupe. Miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la bonde letu hapa kisiwani Shikoku, na madereva wa basi kwetu hufundishwa kunyooshea kidole kila kitu na kukitamka kabla ya kukigusa. Tangu astaafu alikuwa ameiacha desturi hiyo. Mwezi huo aliirudia.

"Breki ya mkono, sawa," alisema, kidole kimenyooka. "Gia huru, sawa. Klachi mpaka chini, sawa."

Akazungusha ufunguo. Gari likalia tik mara moja, taa za dashibodi zikafifia, basi.

Alitoa mguu, akakitazama kiatu chake, halafu akakanyaga klachi tena kwa nguvu mpaka bega likainama. Safari hii alitamka polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Tik.

Nilikuwa hatua sita tu kutoka kwake. Nikamwambia pole, labda ni unyevu wa usiku.

Alishuka, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia ndani kumpigia simu fundi, kisha kupiga kule kwa dada yake kusema kwamba leo tena haji. Magoti yake hayakunjiki siku hizi, hawezi kuchungulia chini ya bodi. Nililijua hilo na nililitegemea. Akiwa bado kwenye simu, mimi nilikuwa nimeshapiga magoti tena na spana yangu, nakaza nati, ili fundi akija akute hakuna tatizo.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Sasa niseme kwa nini, ingawa kusema kwa nini hakupunguzi kitu.

Shigeharu ana miaka themanini na mitatu. Hatsue ana tisini na mbili, na yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mlima, dakika hamsini kwa gari, kupitia kilele cha Hoshidani. Wageni hupokelewa Jumatano asubuhi. Mama yao alifariki Shigeharu akiwa na miaka minne, na Hatsue ndiye aliyembeba mgongoni akienda shule. Kwa hiyo Jumatano ni Jumatano. Hata mwaka wa theluji nyingi alikwenda, amefunga minyororo kwenye magurudumu.

Mwishoni mwa Agosti alirudi kutoka huko akasema amechoka, akalala. Kesho yake nilikuwa natafuta kamba ya kufungia mianzi, nikakuta nyuma ya stoo kopo la rangi nyeupe na brashi ambayo bado haijakauka. Nikaenda kulitazama gari. Ubavu wa kushoto, kuanzia mlango mpaka taa ya nyuma, ulikuwa umepakwa rangi mpya, na chini ya rangi nilipapasa mkwaruzo mrefu unaoingia kidole. Ni wa kile chuma cha pembeni mwa barabara. Nje ya chuma kile, kwenye kona zile, hakuna kitu mpaka mtoni.

Alikuwa amenificha, na kupaka rangi ile lazima alikaa chini kwenye changarawe na magoti yake yale. Ningemwambia nini? Mwaka uliotangulia jirani yetu alirudisha leseni yake kwa hiari, kama wazee wengi wanavyoshauriwa, na Shigeharu alisema wakati wa chakula: "Mimi siku nikiirudisha, mwite mchonga mawe achonge jina langu kwenye kaburi." Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka. Kibasi cha kijiji, kile kinachoitwa kwa simu siku moja kabla, hakutaka hata kukisikia. Alisema hawezi kukaa kiti cha nyuma kwenye barabara aliyowafundishia madereva wengine.

Basi nikachukua spana. Namna ya kulegeza waya ule nilifundishwa na mwanangu Yasunari miaka ya nyuma, baba yake alipolazwa mwezi mzima, ili betri isife. Nilifanya zile Jumatano za ukungu, za mvua, na zile ambazo Shigeharu alikuwa hakulala vizuri. Jumatano nyingine nilimwacha aende, na nikakaa karibu na simu mpaka aliporudi. Mara moja nililegeza na gari likawaka vilevile, akaenda kwenye ukungu, na asubuhi ile nilikata figili moja kwa saa nzima.

Fundi wetu ni Kageyama, karakana yake iko chini karibu na daraja. Ana miaka hamsini na minane na mgongo mbovu. Alipokuwa mtoto alipanda basi la Shigeharu kwenda shule na kulitapikia karibu kila wiki.

"Ulinitapikia viatu mara ngapi wewe?" Shigeharu humuuliza kila anapokuja.

"Mzee, ni zile kona zako," Kageyama hujibu. "Ungeendesha vizuri ningekuwa daktari leo."

Mara ya kwanza alipokuja, mimi sikuwa nimefikiria bado kuikaza nati kabla hajafika. Aliukuta waya umelegea, akasema ni mtikisiko wa barabara zetu, akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa, akakaza na kuondoka. Ningeishia hapo. Lakini Jumatano iliyofuata ilikuwa ya mvua.

Kuanzia mara ya pili alikuta gari zima. Akizungusha ufunguo, linawaka hapo hapo. Alipima betri kwa kipimo chake, ikawa nzuri. Akapima tena mimi nikipiga starta, bado nzuri. "Mzee, gari lako lina aibu," alisema. "Likiniona linapona." Shigeharu alicheka siku ile. Mara ya tatu Kageyama alibadilisha ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya klachi, kwa sababu isipohisi mguu umefika chini, starta haipati umeme. Mara ya nne akabadilisha rilei, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye starta. Mara ya tano alilala chini ya gari kwenye matope na mgongo wake ule, akaishusha starta nzima, akaifungua kwenye gazeti, akabadilisha kaboni zake. Alikataa malipo ya kazi hiyo. Alisema ni aibu kulipwa kwa kubahatisha. Nilimpa chai na matunda makavu ya persimoni, akala mawili, akanishukuru kwa kichwa kilichoinama mpaka nikatamani aondoke haraka.

Shigeharu siku hiyo hakucheka. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, nikamsikia anamuuliza Kageyama kwa sauti ya chini kama inawezekana mtu akadhani amekanyaga klachi na kumbe hajakanyaga.

"Inawezekana kwa mtu yeyote, Mzee," Kageyama alimjibu.

"Mimi si mtu yeyote."

Kageyama alisema atarudi wiki ijayo bila kuitwa.

Mara ya sita alikuja na daftari dogo lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Akaniomba mimi, si Shigeharu, nimsaidie. Kila asubuhi gari linapowashwa, niandike siku, saa, hali ya hewa, na mlio uliosikika. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, alisema, hauonekani kwa kuutazama, unaonekana kwa kuuandika. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano na mwandiko wangu ni wa kitoto, lakini alivyoniomba nilijiona mtu muhimu. Niliandika kila siku. Jumatatu, saa moja, baridi, liliwaka. Jumanne, saa moja na nusu, ukungu, liliwaka, alipeleka yuzu, yale malimau ya kwetu, kwenye kituo cha kuchambulia. Jumatano, saa mbili, mvua ndogo, tik. Niliandika kweli tupu, nikaacha neno moja tu. Hata zile Jumatano za nyuma Kageyama aliniomba nizikumbuke na kuziandika, nikazikumbuka vizuri sana.

Ile mara ya saba niliyoanza nayo, Kageyama alikuja saa sita mchana, akawasha gari, likawaka, akalizima. Hakufungua boneti wala hakulala chini. Alikitoa tu kile kifuniko cha ubavuni, akatazama kwa tochi, akakirudisha. Kisha akaomba daftari akaondoka nalo.

Alilirudisha Jumatatu. Shigeharu alikuwa juu shambani anachuma yuzu. Kageyama alikaa kwenye baraza ya mbao, nikamletea chai. Alilifungua daftari gotini akawa analipekua kwa kidole chenye grisi, taratibu, bila kusoma.

"Bi Tomie," alisema, "gari likiwa na unyevu, linagoma siku za unyevu. Starta ikiwa mbovu, inagoma hata Ijumaa. Mimi nimefanya kazi hii miaka arobaini." Alifunga daftari. "Gari halijui Jumatano."

Niliitazama birika. Nilimwaga chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa.

"Na ile nati," aliendelea kwa upole uleule, "nati isiyoguswa inashika kutu. Ile inang'aa kama pete."

Nilimuomba radhi. Nilishusha kichwa mpaka kwenye mbao, kwa ajili ya matope, kwa ajili ya mgongo wake, kwa ajili ya vitu vyote alivyobadilisha bure. Akaniambia niinuke, chai itapoa. Alisema alikuwa ameuona mkwaruzo chini ya rangi tangu Septemba na ameelewa, na kwamba kazi yake ni magari, mambo ya nyumbani kwa watu hayamo kwenye boksi lake la spana. Nilidhani amemaliza. Lakini alikuwa hajagusa chai.

"Kuna kitu niliombwa nisikwambie. Nakwambia kwa sababu sitaki kukibeba peke yangu. Alhamisi Mzee anakwenda kliniki kupimwa kichwa. Kumbukumbu. Aliniuliza kama naweza kumpeleka, kwa sababu anaogopa kukwama njiani na gari. Anaamini hakanyagi klachi. Anaamini kichwa kimeanza kuondoka."

Nilitaka asiendeshe kuvuka mlima, ni hilo tu nililolitaka. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu kingine kabisa, na sikuwa hata nimekiona kikitoka mkononi mwake.

Kageyama alipoondoka sikusubiri. Nilipanda shambani nikiwa bado na aproni. Miti ya yuzu ina miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na Shigeharu alikuwa juu ya ngazi, amevaa glovu za ngozi, anakata tunda moja moja. Hakunisikia nikija. Alikuwa anatamka kwa sauti ndogo huku mguu wa kushoto ukikandamiza kipago cha ngazi: klachi mpaka chini, klachi mpaka chini.

"Babu," nilimwita. Tunaitana hivyo tangu wajukuu wazaliwe. "Gari si bovu. Na mguu wako unafika chini. Ni mimi. Nalegeza waya wa betri alfajiri, ukiingia kupiga simu naukaza."

Hakushuka. Makasi yalibaki wazi mkononi mwake.

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Na ile ya mvua kubwa, Hatsue alipokuwa anatimiza miaka?"

"Ile pia."

Alikata tunda lililokuwa mbele yake, akaliweka kwenye kikapu. Halafu jingine. "Nilipomuuliza Kageyama habari ya klachi," alisema, "wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nasikia."

Nilimweleza habari ya rangi, na mkwaruzo, na chuma cha pembeni, na kwamba niliogopa. Yote yalitoka vibaya, kama ninajitetea. Alisikiliza mgongo umenigeukia. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima."

Alishika ngazi kwa mikono miwili, akainamisha paji la uso kwenye kipago cha juu, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nilijua sina haki ya kwenda kutazama. Baada ya muda akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Alitaka kikapu kitupu. Nikampa. Tulichuma mpaka jua likaondoka kwenye mteremko.

Kwa miaka hamsini na sita hajawahi kula chakula changu bila kushukuru kabla na baada, hata siku za ugomvi. Jumatatu jioni alikula kimya akaweka vijiti. Asubuhi ya Jumanne vilevile. Nilimuuliza kama nimpigie daktari kufuta miadi, akasema hapana, atakwenda. "Wewe unasema kizima," alisema. "Wiki iliyopita ulisema ni unyevu."

Niliondoa bakuli zake mezani.

Mchana wa Jumanne alipakia kreti ya yuzu nzuri kuliko zote akashuka kwa Kageyama. Alikaa muda mrefu. Yaliyosemwa huko nilikuja kuambiwa na Kageyama mwenyewe baadaye. Shigeharu alivua kofia, akamuomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, akasema usumbufu wote ulikuwa wa familia. Hakunitaja. Kisha akasema, "Miezi miwili umelikagua gari. Kesho nikague dereva. Nifuate nyuma mpaka kilele, halafu uniambie kweli, kama unavyomwambia mtu kuhusu breki."

Kageyama alimwambia kwamba mtu aliyetapika kwenye basi lake hafai kuwa mkaguzi.

"Ndiye anayefaa," Shigeharu alijibu. "Huyo anazijua kona zangu kwa tumbo."

Jumatano ikawa ya anga safi. Sikugusa kitu. Pikapu iliwaka mara ya kwanza, Shigeharu akatoka nayo bila kutamka lolote, na mimi nilikuwa kwenye gari la Kageyama, nyuma yake. Shigeharu ndiye aliyetaka nipande huko. "Bibi naye aone," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia asubuhi hiyo.

Alianza vizuri. Niseme ukweli, aliendesha vizuri kuliko Kageyama. Kwenye daraja alipunguza, kwenye kona ya shule ya zamani alishika upande wake kama reli. Nilianza kujiona mshenzi. Kisha kwenye kona yenye kioo cha kuonea magari yanayokuja pikapu ilijongea kulia, taratibu, kama mtu anayesinzia akielekea begani mwa jirani, ikavuka mstari, ikarudi. Juu zaidi, pale walipokata mierezi, ikavuka tena, muda mfupi. Baada ya handaki ikavuka mara ya tatu, na safari hii haikurudi haraka. Nilihesabu mpaka nne. Ilikuwa imerudi tu upande wake ndipo lori la magogo likatokea kwenye kona, likapita. Kageyama alikuwa ameweka mkono kwenye honi bila kuibonyeza.

Kwenye kilele kuna mahali pa kuegesha na mashine ya kuuzia vinywaji. Shigeharu alikuwa amekwishashuka, anatununulia kahawa za moto za kopo, tatu. Alitugawia. Akasimama wima mbele ya Kageyama kama alivyokuwa akisimama mbele ya msimamizi wake kazini.

"Sema, mkaguzi."

Kageyama alivua kofia. "Umevuka mstari mara tatu, Mzee."

"Mbili," alisema Shigeharu. "Kwenye kioo, na pale penye mierezi iliyokatwa. Nilizihisi zote. Mbili."

"Na baada ya handaki."

Shigeharu hakumbishia. Alinigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu shambani akanitazama machoni. Nilielewa anachouliza. Nilikuwa nimemdanganya asubuhi saba, na sasa, kati ya watu wawili waliokuwa pale, mimi ndiye aliyetaka kumsikia.

"Tatu," nilisema. "Lori lilikuwa linakuja."

"Lori sikuliona mpaka lilipopita." Alifungua kopo lake, akanywa, akatazama bonde upande tuliotoka. Aliongea kama anajiambia mwenyewe. Agosti ilikuwa hivyohivyo, alisema. Anakumbuka kabla ya chuma na anakumbuka baada ya chuma. Katikati hana.

Alimaliza kahawa yote. Kisha akaenda kwenye pikapu, akatoa kifurushi cha Hatsue, akafunga mlango, akampa Kageyama ufunguo. Alisema ibaki pale, Kageyama ataona namna ya kuiteremsha. Bondeni, mpaka yuzu ziishe, ataendesha kwenda shambani na kwenye kituo. Baada ya hapo atakwenda polisi mwenyewe na leseni, kwa miguu yake, na asitokee mtu wa kumsindikiza. Kageyama alimwambia kwamba kila baada ya wiki mbili huvuka mlima kufuata vipuri, na siku ya kuvifuata anaichagua mwenyewe. Shigeharu aliitikia kwa kichwa, akaingia kiti cha nyuma cha gari lile, magoti yakagoma, tukamsaidia. Mimi nilikaa mbele. Sikugeuka nyuma mpaka tulipofika.

Kwenye nyumba ya wazee tulipokelewa na mhudumu, msichana mwenye mashavu mekundu, akafurahi mno. Alisema afadhali tumekuja. Kila Jumatano, baada ya kifungua kinywa, Bibi Hatsue huvaa viatu vyake vya nje na kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Simu ikipigwa kwamba mgeni haji, wanamwambia, naye hujibu kwamba watu wa kwetu Hoshidani huchelewa, ndivyo walivyo. Hukaa hapo mpaka chakula cha mchana. Msichana alituambia hayo akitabasamu, kwa wema tu, akinivulia koti.

Hatsue alikuwa kwenye kiti hicho, amevaa viatu. Amekuwa mdogo sana. Nilipoolewa nikiwa na miaka ishirini na miwili, nyumbani kwetu mbali, Hatsue ndiye aliyekuwa akikaa nami nikimwandikia mama barua, akinichagulia maneno ili mama asijue kwamba nalia. Miezi mitano nilikuwa sijatia mguu pale. Kazi za shamba, nilikuwa nikisema.

Alimuuliza mdogo wake kama gari limepona.

"Halikuwa na kitu, Dada," Shigeharu alisema, akifungua kifurushi. Akaweka mayai ya kukunja mbele yake, akaweka vijiti. Alikuwa ameniachia nafasi, na angeweza pia kuniachia niipite. Nilijua hata nikinyamaza asingesema chochote.

Nilipiga magoti kando ya kiti. "Wifi, ni mimi niliyelizuia. Nilikuwa nalifungua waya alfajiri. Niliogopa ataanguka mtoni."

Hatsue alitafuna yai lake taratibu mpaka likaisha. Masikio yake bado mazuri kuliko ya Shigeharu.

"Ulimwogopea," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe hukuja? Kibasi kipo. Wenzangu wanaletewa wageni na kibasi."

Katika asubuhi zote zile, nikiwa na spana mkononi, niliwaza kona, chuma, mto, hasira ya Shigeharu, macho ya Kageyama. Hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Chakula nilikifunga kila Jumatano, hata zile nilizojua fika kwamba hakitavuka mlima, na mchana tukakila wenyewe.

Nilimwambia sijui. Ndiyo ilikuwa kweli.

Hakunilaumu. Alichukua mkono wangu akaugeuza, akaona doa jeusi la grisi pembeni mwa kidole ambalo halitoki kwa sabuni, akalisugua kwa kidole gumba chake kama mtu anayemfuta mtoto. Shigeharu alikuwa anamenya yuzu, hatutazami. Kisha Hatsue akainama mpaka sikioni mwangu.

"Njoo tena, Tomie," alisema. "Jumatano. Hata kama yeye haji, wewe njoo."